Kopo Lenye Mistari

Banda la Tatu,
Kambi ya Wajenzi wa Barabara,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe na watoto hamjambo, na goti la Mama limepunguza kelele. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui nikuambie nini juu yake, kwa hiyo nitaandika tu, nawe usome ukiwa umekaa.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ngozi ya mumeo inashika. Inashika. Kifua kimeanza kufunga na vidole vya kulia anavikunja. Nilikujibu "anaendelea vizuri" nikakata haraka, nikasingizia chaji. Chaji ilikuwapo. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana nikisikia sauti yako nitaongopa tena.

Ajali ulishaambiwa. Pipa la lami lililala nje kwenye mvua bila kifuniko, maji yakabaki chini, nasi tukaliwasha asubuhi bila kuchungulia. Lami ikikutana na maji kwenye moto haichemki, inaruka. Shemeji ndiye aliyekuwa karibu. Hilo tutalijibu wote. Hili jingine ni langu.

Dada, kilichokaribia kumuua si moto. Ni figo.

Sikujua kwamba mtu akiungua kifua na mikono, figo zilizo ndani kabisa, ambazo moto haukuzigusa, zinaweza kuzima. Daktari alinieleza polepole: mwili ulioungua unavuja maji, damu inakuwa nzito, na takataka za nyama iliyoungua zinaziba figo. Dawa yake ni maji ya mshipani, na watajua yametosha kwa kutazama mkojo. Ukipungua, wanaongeza maji.

Wodi ina vitanda ishirini na nane na manesi wawili. Basi siku ya pili nesi mmoja, mwembamba, wa kutembea mbio, alinipa kopo la plastiki lenye mistari. Kila saa nifungue mfuko wa mkojo, nimimine koponi, nimtajie namba ya mililita aandike. "Thelathini kwenda juu, sawa. Ikishuka hapo niite, hata kama nakula." Shule niliishia darasa la nne, lakini namba nazijua.

Shemeji alicheka na midomo yake iliyopasuka. "Nilikuleta huku ujifunze kupima kokoto, kumbe umefuzu kwenye mkojo wangu!"

Kitanda cha pili alilala fundi bomba aliyeunguzwa na mvuke. Asubuhi ile walisema mkojo wake umekata, wakamsukuma kwenda jengo jingine, kwenye mashine ya kusafisha damu. Kabla ya adhuhuri kitanda chake kilikuwa na shuka jipya. Shemeji alilitazama shuka lile muda mrefu.

"Mashine ile haisafishi damu," akasema. "Inasafisha vitanda."

Saa saba mchana nilimimina, ikatoka kumi na mbili. Rangi yake chai ya rangi iliyokolea. Nikainuka kumwita nesi, shemeji akanishika shati kwa mkono wenye bandeji.

"Mwambie arobaini."

"Shemeji, hapana."

"Nani alikuleta huku? Unataka nipelekwe kule? Mwambie arobaini. Saa ijayo itatoka nyingi, itafidia."

Nesi akapita na sinia la sindano. "Ngapi hapa?"

Nikasema arobaini.

Aliandika akaenda zake. Hakuchungulia kopo, aliniamini. Saa nane ilitoka tisa, nikasema thelathini na tano. Saa tisa ilitoka saba, nikasema thelathini na nane. Mara ya kwanza nilitokwa jasho. Mara ya tatu nilikuwa nishajua kuchanganya namba zisifanane, na nilisuuza kopo vizuri. Hapo ndipo ninapojiogopa, Dada. Tukaenda hivyo hadi kesho yake.

Asubuhi daktari alimkuta anaweweseka, ananiita baba. Akaubonyeza mfuko, mtupu, ingawa saa nzima ilikuwa imepita tangu niumimine. Akasoma karatasi.

"Mkojo wote huu ulioandikwa uko wapi?"

Akamgeukia nesi akamfokea mbele ya wagonjwa wote. Nesi hakunitaja. Alinitazama tu. Nilinyamaza, Dada, nakuambia kweli, nilinyamaza mpaka yule dada wa watu machozi yakamlengalenga, ndipo nikasema ni mimi.

Hakunitukana. Jioni alinikuta kwenye korido akasema, "Kaka, ungeniambia saba. Saba ningejua la kuifanya. Ningeongeza maji."

Walimpeleka kwenye mashine ile ile. Na unajua tulimkuta nani? Fundi bomba, hai, anagombana na mhudumu juu ya mto. Alihamishwa tu.

Sasa ni wiki ya tatu, siku moja yupo mashineni, siku moja anapumzika. Daktari anasema figo zinaweza kuamka, zinaweza zisiamke. Zisipoamka, mumeo atafungwa na mashine maisha yake yote, na kazi hii ameiaga. Hakuna anayejua maji ya siku ile yangeokoa kiasi gani. Nimeuliza mara mbili, sitauliza tena.

Naenda kazini kama kawaida. Lakini kila chenye kimiminika nakiona kina mistari. Chai ya kambini nainua kikombe usawa wa jicho kabla ya kunywa, wenzangu wameshanibatiza Kipimo. Wanacheka, nami nacheka.

Shemeji ameniagiza nikuandikie kwamba amepona. Usimlaumu. Aliogopa, na mkono ulioshika kopo ni wangu. Kama kuna la kusema, niambie mimi, na usilipunguze makali.

Leo nimeshinda naye. Tangu asubuhi hadi naondoka wodini jioni zimetoka sitini, na rangi imeanza kufifia. Namba zangu hazikubaliki tena pale wodini. Namwita nesi, anainama, anasoma mwenyewe, ndipo anaandika. Si nyingi, Dada. Lakini ni sitini.

Nisalimie Mama, Mjomba fundi cherehani, na watoto wote. Yule mdogo mwambie baba yake amemuulizia. Hilo nalo ni kweli. Mungu awafunike, na akupe nguvu ya kunijibu, hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, nikupendaye,

Kipimo