Nimemsamehe fundi kwa belti niliyonunua mie

Mke wangu kafa. Mwatima. Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya alasiri, njiani.

Bi Mwanapili, niwie radhi sikuanza na salamu. Mie ni kibarua, navunja mawe hapa Vitongoji na kuyapakia. Skuli niliishia la tatu. Nna jambo sijamwambia mtu, naomba unisaidie.

Mawe yetu yanabebwa na pikapu ya shemegi yangu Mjaka, kaka yake Mwatima. Gari kongwe. Mashine yake ya mwanzo, injini, ilikufa zamani, ikatiwa nyengine iliyotoka kwenye gari jengine. Tuliibeba watu sita kwa mti mpaka kwa fundi. Mie nilikuwa mmoja wao.

Mwezi uliopita fundi Msellem akasema taimingi belti, ule mkanda wa meno wa ndani ya mashine, imechakaa. Mie nilikuwa nakwenda Unguja harusini. Akaniambia, "Ngwali, chukua hii ya zamani mkononi. Wape dukani wahesabu meno, wapime na upana. Na usinunue belti tupu. Nunua seti, na beringi zake. Beringi ikikwama, belti mpya inakatika kama uzi."

Nikasema sawa. Belti imejaa oili, na mkobani nna kanzu ya harusi. Nikaiacha nyumbani. Nikamwomba Mjaka kadi ya gari. Niliona kadi ina muhuri wa serikali, itajua zaidi kuliko belti chafu. Dukani wakasoma kadi wakanipa belti. Belti peke yake. Kadi ile ni ya mashine iliyokufa. Nilijua. Sikufikiri.

Niliporudi Msellem akaishika, akaipindua.

"Yakhe, hii nyembamba."

"Ndiyo waliyonipa."

"Ile ya zamani uliwapa wakapima?"

"Niliwapa."

"Na beringi?"

"Wamesema za zamani zatosha."

Hawakusema. Sikuwauliza. Sikutaka kurudishwa Unguja, vijiweni wakanicheka. Msellem akahesabu meno, yako sawasawa. Akasema basi wao ndio wajuao, akaifunga.

Jumatatu ile Mwatima kifua kilimbana, ana pumu tangu mdogo, tukampakia nyuma ya gari twende hospitali, nimemshika kichwa na Mjaka anaendesha, tukafika mlimani gari ikapiga kishindo kimoja ndani ikazima, Mjaka anapiga stata inazunguka nyepesi kama hamna kitu, gari nyengine hapana, tukamtia kwenye mkeka watu wanne tukakimbia naye na mie namwambia tumefika, tumefika, kisha nikamtazama nikaona macho yako wazi na hayanioni.

Sikulia. Nilisimama barabarani nimeshika pembe ya mkeka. Waliniambia niachie. Sikusikia. Mtu kaja kanifungua vidole kimoja kimoja.

Gari ikafunguliwa. Belti imekatika. Watu wakasema Msellem kaifunga vibaya. Siku ya hitma kakaa kwenye sinia peke yake. Masinia mengine watu watano, sita. Lake hapana aliyekwenda. Mie niliona, nikala.

Kisha kanijia nyumbani. Mtu mzima, ana mvi. Kanambia, "Ngwali, mkono wangu umekosea. Nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Bi Mwanapili, nilisema hivyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Tangu siku hiyo kafunga banda lake, hagusi gari ya mtu.

Na jana Mjaka kanipa ile kadi tena, nikanunue belti nyengine. "Nenda weye, duka unalijua." Iko mfukoni.

Nikisema, kazi sina, na wakwe sina. Nikinyamaza, sijui. Nifanye nini?

Ngwali, Vitongoji


BI MWANAPILI ANAJIBU

Ngwali, pole. Mungu amrehemu Mwatima. Pole hiyo inatoka moyoni, na sasa nisikilize, kwa sababu nimekukasirikia.

Pale fundi alipokuja kwako nilirudia kusoma. Nilidhani macho yangu yamekosea. Mtu mwenye mvi anasimama mlangoni kwako kuomba radhi kwa kosa lako, na wewe unampa. Ulimsamehe nini, Ngwali? Katoka kwako na mzigo ulioufunga wewe, na juu yake kakushukuru.

Kifo cha mkeo sikubebeshi. Pumu ya namna ile ingeweza kumchukua hata kama gari ingefika, na hilo hulijui wewe, silijui mimi. Kuacha belti nyumbani kwa kuionea kinyaa ni uzembe, na wazembe tuko wengi. Lakini "niliwapa" hukuisema kwa uzembe. Uliisema usichekwe. Fundi alikuuliza sawasawa, kwa sababu mkono wake ulishajua kuwa ile si yenyewe, na neno lako ndilo lililomfanya auache ujuzi wake.

Unaogopa kukosa kazi. Yeye kaikosa tayari.

Nenda kwa Msellem kwanza, kabla ya Mjaka. Nenda peke yako. Usianze na shetani, usianze na majaaliwa. Mwambie: belti sikuwapa, beringi sikuuliza, nilikudanganya, na msamaha niliokupa haukuwa wangu kuutoa. Kisha nyamaza. Akikutukana, kaa. Akikaa kimya, kaa vilevile, mpaka akwambie ondoka.

Siku hiyohiyo nenda kwa Mjaka. Na Ijumaa, baada ya sala, waambie wanaume wote pale msikitini, kwa sauti ya kusikika nje. Wao walimtenga mbele za watu, kwa hiyo usimsafishe kwa kunong'ona.

Na kadi mrudishie mwenyewe. Kadi inajua gari ilitoka kiwandani na mashine gani. Ile mliyoibeba watu sita kwa mti haijui. Anayenunua afuate namba iliyogongwa kwenye mashine yenyewe, na belti iliyokatika aende nayo, hata vipande, ipimwe upana. Anunue seti kamili. Kisha fundi afungue kichwa cha mashine atazame valvu, maana belti ikikatika pistoni huzipiga. Gari hiyo hupakia watu. Kazi hiyo ya ununuzi si yako tena.

Sina njia nyepesi ya kukupa. Nenda leo, jua lingalipo.


Jibu hili tulimpelekea Ngwali kwa posta kabla ya kulichapisha. Ametuandikia tena, na kuruhusu yote yatoke pamoja na majina. Fundi na Mjaka pia wamekubali.

Bi Mwanapili,

Nimekwenda. Msellem alikuwa anakoka moto. Nikasema vyote. Kisha kaniuliza, "Siku ile uliposema uliwapa, ulikuwa unanitazama?"

Nikamwambia ndiyo.

Kasema, "Mie nilikuwa naitazama belti." Akaendelea kupuliza moto. Nilikaa mpaka maji yakachemka. Hakunambia ondoka, wala hakunikaribisha chai.

Mjaka nilimwambia amesimama, akakaa chini. Kadi nikamwekea mbele yake. Hakuishika. Kasema, "Mie ndiye niliyekupa." Mama mkwe alikuwa ndani, kasikia. Kafunga mlango.

Ijumaa nilisema. Watu walitoka mmoja mmoja. Wawili walikwenda kwa Msellem kumpa mkono. Mmoja wao, Msellem hakumpa wake. Mie hapana aliyenisemesha.

Msellem kafungua banda. Atakwenda Unguja mwenyewe kwa meli ya Alhamisi, na vile vipande.

Mjaka hajanifukuza. Hajanisemesha pia. Nyundo yangu iko palepale machimboni, hapana aliyeigusa.

Kesho narudi kazini.

Ngwali