Shati Lisilo na Vifungo

Kisongo, Arusha
Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Na yule kuku mwekundu bado anataga chini ya kitanda chako, au mmeshamla? Sisi huku tu wazima. Mvua zimechelewa na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, lakini wazima. Mjukuu wako Nasieku ameng'oka jino la pili na anajidai kama yeye ndiye wa kwanza duniani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Nikitaja cherehani tu, unanikatisha na kuanza kunifundisha. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, fundi wangu.

Nilikwambia baba mkwe alipata kiharusi kabla ya Pasaka. Mguu umerudi, anatembea na fimbo yake. Mkono wa kulia ndio umelala. Anakula kwa kushoto, ananyoa ndevu kwa kushoto, ila vifungo vya shati vimemshinda. Mwanzoni Baba Nasieku alikuwa anamvalisha, lakini unaijua kazi yake ya kuendesha watalii, akiingia porini ni siku saba, nane. Hapo nabaki mimi, na mimi ni mkwe. Huku kwa Waarusha, kama kwetu Mbinga, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, sembuse kumvua na kumvalisha. Jirani alijitolea kuja kumsaidia. Mzee akamshukuru, akafunga mlango.

Sasa hata mwanawe akiwepo hataki. Anasema hawezi kuvalishwa kama mtoto mchanga. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa, wa kwanza kufika ibadani, huu mwezi wa pili anashinda chumbani amejifunika shuka. Naweka chai mlangoni, nabisha, naondoka. Inaniuma, Mama.

Ndipo nikawaza shati lisilo na vifungo, la kitambaa cha jezi, kile kinachovutika kama tisheti. Atumbukize kichwa, avute kwa kushoto, basi. Nikaenda sokoni Kwa Mrombo nikapata kipande kizito, rangi ya kahawa. Kumpima sikuweza, kwa hiyo nilianua shati lake la zamani kwenye kamba nikalipima lenyewe.

Halafu nikashona kama ulivyonifundisha. Nilipanga mkato ili kitambaa kisipotee, nikavuta mbele na nyuma kisicheze, mshono umenyooka, uzi wa pamba uleule. Kitenge kingeshukuru. Jezi ilinuna. Sindano ikawa inaruka, pindo likatoka limejikunja kama jani la kabichi. Nikalipiga pasi, likatulia kidogo, nikajidanganya kwamba limekaa.

Nikaliweka mlangoni pamoja na chai. “Baba, nimekushonea shati. Halina vifungo.” Akaguna, akalichukua. Sikuondoka. Fimbo ikaanguka, kisha nikamsikia anahema.

“Mama Nasieku!” Sauti imezibwa na kitambaa.

“Abee, baba.”

“Kichwa hakitoki.”

Nikashika kitasa.

“Usiingie!”

“Siingii, baba. Nimwite jirani?”

“Usimwite mtu!”

Fikiria, Mama. Kichwa kiko ndani, mkono mzima umenaswa juu, ule mgonjwa hauwezi kuusaidia mwenzake, na mimi nimesimama nje nalia bila sauti. Nikakumbuka ule mshono wangu ulionyooka, hauna pa kuvutikia. Nikamwambia, “Baba, vuta kwa nguvu zako zote. Uzi utakatika.” Akavuta. Nikasikia tra-tra-tra, bega zima mpaka kwapani. Ni mara ya kwanza maishani nimefurahi kusikia kazi yangu inachanika.

Hakunilaumu. Jioni nililikuta shati mlangoni, limekunjwa kwa mkono mmoja, vizuri kabisa. Ningeona afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikalipeleka mtaa wa Sakina kwa Mama Eliya, Mchaga anayeshona masweta ya shule. Akaligeuza huku na huku, akacheka mpaka akakaa chini. “Dada, umekata vibaya! Ona, huku linavutika, huku halivutiki. Wewe umepeleka mvuto juu na chini, wakati nguo inatakiwa ivutike kuzunguka mwili! Kichwa kingepitaje?” Akanipa kipande nishone mbele yake. Nikakivuta kwa mazoea, akanipiga kofi mkononi. “Unavuta hivyo kwani unakamua? Kitaenda chenyewe. Wewe kiongoze tu.”

Nilidhani ataniambia ninunue mashine kubwa kama yake. Akasema cherehani yangu ya nyumbani inatosha, alimradi nitie sindano ya jezi, ile yenye ncha butu inayopita katikati ya nyuzi bila kuzitoboa, na uzi wa polista, na nishone zigizaga nyembamba ili mshono uvutike pamoja na nguo. Pale mwanzo niweke karatasi laini chini, cherehani isimeze kitambaa. Usininunie, Mama. Kwenye kitenge bado nakufuata wewe.

Basi nimerudia lote kwa kipande kipya. Shingo nimeipanua, na mkono wa kulia nimeupanua zaidi, kwa kuwa mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia. Vidole vilikuwa vinaniwasha kutaka kuvuta, nikajizuia.

Leo mchana nimeliweka mlangoni. Nimebisha, nikaondoka. Limechukuliwa, na mlango haujafunguka tena. Kesho ni Jumapili na Baba Nasieku yuko porini. Naogopa, Mama. Akilikataa hili, sidhani kama atakubali kujaribu la tatu.

Nisalimie kaka Otmari na wifi, shangazi Kolumba wa dukani, na bibi mzaa baba, umwambie ugoro wake nimeuweka tayari. Wote nawapenda, na wewe zaidi.

Mwanao,
Skola

Jumapili, mchana

Mama, bahasha nimeifungua tena.

Asubuhi nilikuwa ukumbini namsuka Nasieku. Mlango wa chumbani ukafunguka, baba mkwe akatoka amevaa shati, koti kalitupia mabegani, uso umeloa jasho. Sijui lilimchukua muda gani. Nikasimama. Shingo ya shati ilikuwa imejikunja kwa ndani huku nyuma, na yeye alijua, maana alijaribu kuifikia kwa kushoto mara mbili ikamshinda. Akatazama mlango wa nje. Akanitazama mimi. Halafu akanigeuzia mgongo, akainama kidogo, akangoja.

Miaka tisa nimeolewa hapa na sijawahi kumgusa hata bega. Nikabaki nimeshika kitana.

“Kengele imeshalia, Mama Nasieku,” akasema, bila kugeuka.

Nikainyoosha kwa vidole viwili. Akaichukua fimbo yake ukutani, akafika mlangoni, akasimama.

“Wakiniuliza huko, nimevaa mwenyewe.”

“Umevaa mwenyewe, baba,” nikamjibu.