Buti Moja ya Harusi

Lithuania, 9 Mei 1996

Kwako Bibi Fruma,

Shalom, Bibi, na pole kwa joto la Haifa. Magoti yanasemaje? Mimi ni mzima, ila mbu wa msitu wenu wamenigeuza chakula cha jioni.

Leo tumerekodi harusi yako na Babu Zelik kwa filamu yangu. Waigizaji wote walilia, hata mpiga kamera alifuta macho. Bwana harusi alikanyaga glasi, kama ilivyo desturi yetu, mara moja tu, paa, ikapasuka! Najua uliapa kutoangalia filamu yoyote ya vita. Lakini hii inahusu kambi yenu, ninyi Wayahudi mliowatoroka Wajerumani na kupigana nao msituni. Usipokuja kuiona, nitajuaje kama nimesema kweli? Niambie utakuja.

Mjukuu wako,
Tirza

Haifa, 20 Mei 1996

Kwako Tirza, kichwa ngumu wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Magoti yangu bado yanagombana na ngazi, na ngazi zinashinda. Unakula? Usinijibu, najua huli.

Sasa nisikilize. Glasi gani hiyo iliyopasuka mara moja? Sisi tulikuwa na kichupa cha dawa, na babu yako miguuni alikuwa na magome ya mti na matambara. Alipokanyaga, kichupa kikaruka. Akakifuata, akakanyaga tena, kikabiringika mpaka kwenye sufuria ya viazi. Mzee aliyekuwa akituozesha akasema, "We Zelik, treni la Wajerumani umelilipua, kichupa kinakushinda?" Ikabidi tumwite Hirsh, aliyekuwa anatoka lindoni, maana ndiye mwenye buti. Akakataa kuvua zote mbili. "Wakitokea Wajerumani nikimbie na nini? Chukua moja!" Babu yako akaoa na buti moja.

Kambi nzima ilicheka huku tumeziba midomo kwa mikono, kwa sababu sauti ingetuua. Mama yangu na dada zangu walikuwa wameuawa majira ya baridi yale. Niliwalilia kila siku, isipokuwa siku ile. Siku ile tulikuwa hai, na tulijua. Ukiwaacha watu walie harusini kwangu, mimi siji.

Bibi yako,
Fruma

Lithuania, 2 Juni 1996

Kwako Bibi,

Habari za tangu siku ile? Huku salama, na nimekula.

Tumeirudia harusi yote, kama ulivyoisimulia. Gad, mwenye fedha za filamu, amekuja juu: "Kicheko? Kwenye filamu kama hii? Watu watasema tunawadhihaki marehemu!" Anataka niikate. Nimemwambia akiikata, aliondoe na jina langu. Basi sasa utakuja?

Tirza wako

Tel Aviv, 14 Machi 1997

Kwako Bibi,

Shalom. Natumaini u mzima, maana barua zangu tatu hukuzijibu.

Filamu ilizinduliwa hapo Haifa juzi, harusi ikiwa na kicheko chake chote. Nilikuwekea kiti cha kando yangu. Kilibaki kitupu mpaka mwisho. Sikulaumu, Bibi, lakini nimeumia.

Mjukuu wako,
Tirza

Haifa, 18 Machi 1997

Kwako Tirza, mwanangu,

Salamu nyingi, na tulia, sijafa. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Ndiyo, mimi! Sikutaka unione nikitoka katikati ya filamu. Basi jana mchana nikaenda sinema peke yangu na mfuko wa mbegu za alizeti.

Walipopelekwa watu shimoni kuuawa nilifumba macho. Kisha ikaja harusi. Kichupa kiliporuka nikacheka. Hirsh alipong'ang'ania buti yake nikacheka zaidi, mbegu zikamwagika. Mama mmoja wa mbele akageuka, macho mekundu. "We bibi, huna haya? Watu walikufa kule!"

"Najua, binti yangu," nikamwambia. "Lakini hiyo ni harusi yangu."

Akanitazama, akaitazama filamu, akanitazama tena. "Na huyo wa buti moja?"

"Mume wangu."

Akahamia kiti cha kando yangu, akaomba mbegu, tukacheka sote wawili huku watu wakitusonya. Sikuziba mdomo, Tirza. Nilicheka kwa sauti yangu yote.

Bibi yako,
Fruma