Msumari wa Rehema Kituoni

Jumanne, 4 Februari
Nimepalilia karoti mpaka mgongo ukagoma. Upepo toka asubuhi. Mkavu. Siupendi. Rehema kaenda zamu yake kituo cha zimamoto, chai hakumaliza. Huu ndio wakati watu wanasafisha mashamba, wanachoma mabua, halafu wanaingia ndani kula. Nimemwambia jirani, Mama Salehe, akanicheka. "We Mama Rehema, hata moshi wa jiko langu utauitia zimamoto!" Mwanawe Athumani yuko zamu moja na mwanangu. Sijui anacheka nini.

Jumatano, 5 Februari
Nimewapelekea viazi vya kuchemsha kituoni. Kile chumba cha kituo nakipenda na nakiogopa. Zamani palikuwa na banda la mabati na ringi ya lori ya kugonga kama kengele, basi. Msitu ulipowaka mpaka ukala mashamba yetu ndipo tukajenga. Mawe tulibeba kichwani toka mtoni, Waislamu na Walutheri, mimi na mimba ya Rehema. Mzee Hoza, mkuu wa kwanza, akapiga misumari ukutani ya kutundikia sweta, kila mtu na wake. Hizi sweta za mtumba zikishika moto zinayeyuka mwilini, kwa hiyo kila mtu aiache yake hapo kabla ya kuingia msituni. Baadaye ikawa ndio njia ya kujua. Ukirudi unachukua yako. Sweta ikibaki, mtu hajarudi. Mzee Hoza alishakufa. Misumari ipo.
Upepo bado.

Alhamisi, 6 Februari
Ringi imelia mchana. Moshi upande wa misonobari. Mtu kachoma mabua, upepo ukamshinda. Wamekwenda wote na mapanga na matawi mabichi ya kupigia moto. Gari la zimamoto la mjini limekwama njiani.
Jioni nikaenda kituoni. Sikumuuliza mtu. Nikaangalia msumari wa Rehema. Mtupu. Nikalia kwa furaha. Nikajua tumepishana, nikarudi mbio kupika ugali na mboga.
Ugali ukapoa.
Nikatoka kumtafuta. Athumani alikuwa kwao, anakohoa, amevaa sweta ya kijani. Ya Rehema. Nikauliza kaipata wapi. Mama yake alimwona anatetemeka pale kituoni akavuta sweta ya kwanza iliyomjia mkononi.
Kwa hiyo hakuna aliyemtafuta mwanangu. Wote waliona msumari kama mimi.

Ijumaa, 7 Februari
Sijalala. Watu wameingia msituni alfajiri. Mama Salehe kaja, kapiga magoti mlangoni. "Nisamehe dada. Nilimwona mwanangu tu. Sikuangalia msumari wa nani." Nikamwambia, "Hata mimi ningevuta. Ila leo nenda, sitaki kukuona." Ndivyo nilivyosema. Namchukia na namwelewa.
Siwezi kuomba. Maneno hayaji. Nasema Rehema, Rehema.

Ijumaa, jioni
Yuko hai. Moto ulimkatia njia, akateremkia upande wa pili wa mlima. Mama mmoja wa kule kamlaza kwake, kampa uji. Mtandao haukuwepo. Wamemrudisha kwa pikipiki. Nyusi zimeungua. Mkono mmoja umefungwa. Kanisalimia, "Shikamoo mama," kama ametoka sokoni. Nimemkumbatia, nikamgombeza, nikamkumbatia tena.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikwenda. Mama Salehe kaleta maziwa. Nimempokea. Tumekaa, tumeyanywa pamoja. Kituoni wamekubaliana sweta ya mtu haishikwi na mwingine hata mtu akiganda kwa baridi. Blanketi zitawekwa pembeni. Vizuri.
Nimemwambia Rehema aache kazi hii. Nimemwambia kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani, ili asiseme hakusikia. Akaniuliza, "Sasa mama, aende mtoto wa nani?"
Nimemkasirikia, nikatoka nje.
Kesho anataka kurudi kituoni, hata kama ni kukaa mlangoni tu mpaka mkono upone. Amelala sasa. Nimechukua soksi zake nikazifua. Maji ya kwanza meusi. Ya pili meusi. Ya tatu yakaanza kuwa maji.
Nimezianika karibu na jiko, zikauke kabla ya asubuhi.