Miaka Mitatu Isiyo Yangu

Mama Halima,

Salamu zangu zikukute hapo Kaloleni ukiwa mzima, wewe na mtoto. Kifua cha Halima kimeachilia? Mimi mwili hauna neno, lakini usingizi umenihama. Nakuandikia ujumbe huu kwenye simu kwa sababu nikikupigia utasikia hofu yangu.

Ni ile barua ya Mzee Owiti, ya kuthibitisha nilikuwa fundi wake wa mashine za barafu. Najua ulimwendea na kuku, na ulicheka uliponisimulia alivyosema: "Nyar Kaloleni, binti yetu, huyu nitampaka sifa mpaka wazungu wenyewe waombe msamaha." Nami nilicheka. Sikuisoma vizuri, hilo ni kosa langu. Nikaipeleka kwa bosi hivyo hivyo.

Mama Halima, Mzee ameandika miaka tisa. Nilifanya sita! Amenipaka kama tunavyopakana sifa kwenye sherehe, ambako kila mtu anajua ni mchezo. Huku Marekani mchezo huo hawaujui. Bosi ndiye anayeniombea visa ya fundi, basi akaichukua hiyo tisa, akaiweka kwenye barua yake kwa serikali, akatia sahihi. Nilipoisoma barua yake ndipo nikaiona hiyo tisa.

Hesabu mwenyewe. Kazi miaka sita, chuo miwili, jumla minane. Ukirudi nyuma tisa tangu nilipoacha kazi kwa Mzee, mimi niko kidato cha nne na sare ya shule, na cheti changu cha shule kiko kwenye bahasha hiyo hiyo ya maombi! Kinachoniuma zaidi, serikali inataka mitano tu. Yangu ilitosha na mmoja ukabaki. Nilijilipia chuo kwa kubeba makreti ya samaki, hakuna aliyenishika mkono, leo nionekane tapeli kwa miaka ya zawadi? Hapa wakikupata na uongo wanaweza kukufungia mlango maisha.

Jana nilifika mlangoni kwa bosi mara mbili, nikarudi. Mara ya tatu nikaingia.

"Madam, miaka mitatu hapo si yangu."

Akavua miwani. "Musa, kuna nini kingine kisicho chako?"

"Hakuna, Madam."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema wakili wake wa visa bado hajatuma bahasha serikalini, na yeye atangoja mpaka Ijumaa. Barua sahihi isipofika, anaondoa yake. Kibali changu cha kukaa huku kimebakiza siku kumi na tisa. Na sijui kama ananiamini tena; leo ametuma mtu kuhesabu spana zangu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa Mzee. Usibebe kuku. Aandike sita, mwezi nilioanza na niliotoka, kazi niliyofanya, basi. Akianza kuniita bingwa wa ziwa zima, mzuie. Usimgombeze, alinipenda tu. Isome mara mbili mbele yake ndipo mwende saiba, kwenye kompyuta za kulipia, muitume.

Nisalimie mama mkwe, na ndugu yangu wa bodaboda kule Manyatta. Akupeleke yeye, usitembee. Halima mwambie baba yuko kazini. Kwa leo hilo bado ni kweli.

Mimi mumeo,
Baba Halima, fundi wa miaka sita.