Mume wa Shosho Anashuka Tana

Jumamosi, Kiirua. Ukungu umeshuka tangu saa kumi na bado haujaona haya ya kuondoka. Baridi imeingia mpaka ndani ya soksi. Nimekaa kitandani na kofia ya marvin kichwani, naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na masikio yangu yote mawili yamejaa maji. Nikitikisa kichwa nasikia bwawa.

Nimekasirika, nimefurahi, na niko na njaa. Wacha nianze na ile ya kukasirika.

Kuna watu waliamua siendi Tana. Si chifu, si daktari, si polisi. Ni watu wa nyumbani kwetu. Walikaa jikoni wakanywa chai ya maziwa niliyokamua mimi mwenyewe, wakakubaliana kwamba Gitonga haendi. Gitonga ndiye mimi. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hivyo naandika hapa mtandaoni iwe wazi kwa kila mtu, hata nyinyi mnaosoma kila siku na hamtoi hata neno moja pale chini.

Naenda.

Safari yenyewe iko hivi. Tuko wanne. Njeru ni mtu wa Mbeere, amekulia kando ya Tana, na kazi yake huko chini ni kupeleka wageni mtoni. Wiki hii na ijayo hana wageni, na mwenye kazi amemruhusu atumie mashua mbili za mpira. Munene nilikuwa naye darasa moja mpaka shule iliponishinda mimi, halafu ikamshinda yeye. Sasa ako Timau kwa shamba la maua. Kendi anauza viatu mjini Meru, karibu na Kinoru. Yeye ndiye mwenye mahema, na ukiniuliza, ndiye mwenye akili pia. Ijumaa tunaingia majini juu ya kwao Njeru, tunapiga kasia mchana kutwa, tunalala ukingoni, halafu Jumamosi tunatokea kwenye daraja.

Na mimi ni wa nini? Mimi ni misuli. Napakia viazi. Uliza mtu yeyote Kiirua ni nani hupandisha gunia kwa lori huku anapiga mluzi. Kasia ni kijiko tu kwangu.

Tumepanga hii safari kwa kikundi cha WhatsApp mpaka simu zikapata homa. Mnajua mtu wa huku juu akiambiwa atalala nje, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni mbuzi. Munene alitaka tubebe mmoja, akiwa hai, ndani ya mashua, tumchinjie kule kule. Njeru akamuuliza kwa ule upole wake, "Munene, mbuzi wa kwenu hana kwato?" Munene akasema atamvalisha soksi. Kendi akaandika, "Na wewe tukuvalishe nini mdomoni?"

Nilicheka peke yangu juu ya magunia. Halafu nikanyamaza, kwa sababu kwetu mbuzi na mto havichekwi pamoja.

Gitonga wa kwanza alikuwa babu yangu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na huku kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye amerudi. Shosho hajawahi kuniita mjukuu. Mimi ni mume wake. Tangu niko mdogo wa kufuta kamasi kwa mkono wa sweta: mume wangu, umekula? Mume wangu, mbona umeniacha na kuni zote hizi? Akinikuta nimesimama na msichana barabarani, ananiuliza mbele yake kama huyo mke mwenza anajua kupika. Na mimi humwambia akiendelea hivyo nitamrudisha kwao, nidai mbuzi wangu.

Huo utani wote, na bado kuna siku moja hatuitajangi.

Babu alishuka Mbeere kununua mbuzi. Akaambiwa ng'ambo ya Tana, upande wa Ukambani, kuna wazuri zaidi. Akavuka, akanunua, akawa anarudi nao. Mto ulikuwa umejaa mvua ya huku kwetu mlimani. Mbuzi walivuka. Watu wema waliwaleta mpaka hapa nyumbani, kila mmoja na kamba yake shingoni. Yeye hakuonekana tena, hata kofia.

Kwa hivyo sisi hatuna kaburi la babu. Tuko na mimi.

Ndiyo maana nimelelewa kama chumvi. Maji yalikuwa ya kunywa na ya kuoga, tena kwa karai. Mama alitaka nibatizwe kwa lile kanisa la kuzamisha watu mtoni. Shosho akahamisha familia nzima kwenda kanisa la kunyunyiza, nikabatizwa kwa kikombe. Shule ilipoenda kutembea mpaka kwa maporomoko, mimi nilibaki kwa basi na dereva, tukala chapati za wengine. Nilikuwa mwanaume mzima, nimeshatahiriwa, na bado shosho alikuwa akinishika mkono tukivuka daraja.

Nilipomwambia habari ya Tana, alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Huo mto unakujua," akasema.

"Shosho, mimi na huo mto hatujawahi kukutana."

"Wewe hujakutana nao. Jina lako limekutana."

Baba nikamwendea, akasema mambo ya mama yake yeye haingilii, yeye ni mtoto tu hapa. Mama akasema ataficha viatu vyangu. Viatu. Vya mtu anayeenda majini.

Nitasema ukweli kwa sababu hapa ndipo nasemeanga ukweli. Mimi nilijifanya hiyo ni hadithi ya wazee, lakini nikilala nilikuwa naiamini nusu. Nusu nzima. Nilijiuliza kama kweli mto unaweza kuweka jina la mtu mahali, ungoje. Halafu nikaamka na hasira. Hili jina nimelibeba mimi tangu nizaliwe. Nimeitwa nalo nikipigwa shuleni, nimeitwa nalo nikilipwa. Kama babu aliliacha majini, mimi nimeliokota na nimelitumia mpaka limekuwa langu. Siwezi kuishi maisha yangu yote ukingoni kwa sababu ya siku moja ambayo sikuwepo.

Lakini Njeru ana sheria. Hakuna anayeingia kwa mashua yake kama hawezi kuvuka bwawa bila jaketi ya kuelea. Jaketi tutavaa mtoni, akasema, lakini anataka kuona mtu ambaye akianguka hatamnyonga yeye shingo.

Bwawa ni lile la mradi wa maji ya kumwagilia viazi, lililotandikwa plastiki nyeusi. Maji yake yanatoka mlimani, na yakikugusa tumbo unakumbuka madhambi yako yote. Ile plastiki nayo ni utelezi mtupu. Kuingia ni rahisi, kutoka ni lazima ushike kamba. Njeru alipanda huku Kiirua, akafunga kamba mbili, moja kila upande, akakaa kando ya moja kama mtu anayechunga ndama.

Siku ya kwanza Munene aliingia na gambuti. Nasema kweli. Alisema hawezi kukanyaga kitu asichokiona bila gambuti. Zikajaa, akashuka wima kama mwiko ndani ya uji, tukamvuta na kamba, na gambuti moja iko huko chini mpaka leo. Mimi sikumcheka sana maana mimi niliingia na marvin.

Tangu hapo nimekuwa burudani ya Kiirua. Akina mama wa kupalilia viazi wanahamisha chakula chao cha mchana wakalie hapo juu, wanione. Siku moja mzee wa baiskeli alisimama akamuuliza Njeru ni kitu gani kimeanguka huko ndani. Njeru akasema ni Gitonga. Mzee akasema, "Basi mtoeni." Nimekunywa hayo maji mpaka nadhani viazi vya wenyewe vimekauka. Lakini nimejifunza. Naogelea vibaya, kama mbwa anayekimbia kesi, lakini nafika.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuvuka. Munene alitangulia, bila gambuti, akavuka akilia kwa sauti njia nzima. Kendi alivuka kama amezaliwa humo, akatoka akauliza tunangoja nini. Nikaingia mimi.

Nilikuwa katikati kabisa, mikono imeanza kuwa mizito, niliposikia wale akina mama wamenyamaza. Watu wa Kiirua hawanyamazangi bure. Nikageuza uso. Shosho alikuwa amesimama juu ya ukingo, na fimbo yake, na leso mbili juu ya sweta. Hajawahi kufika kwenye hilo bwawa tangu lichimbwe. Sijui ni nani alimwambia, na nikimjua hatapenda.

"Gitonga," akaita. "Toka kwa maji."

Hakupiga kelele. Na hakuniita mume wangu. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akilitoa hilo jina likiwa peke yake hivyo.

Sikujua anaita nani kati yetu wawili.

Nikaacha kupiga maji. Nilishuka kidogo, maji yakapita pua, nikaona ile plastiki nyeusi kila mahali. Kamba ya upande wake ilikuwa karibu. Njeru alikuwa ameshaishika, ananitazama. Ningerudi, wangenivuta, shosho angenifuta kichwa na leso, na mambo ya Tana yangekwisha leo hii, na hakuna mtu angenilaumu. Hiyo ndiyo ilinikasirisha. Kwamba hakuna mtu angenilaumu.

Nilitaka kumjibu, mdomo ukajaa maji. Kwa hivyo nilimjibu kwa mikono. Nikamgeuzia mgongo shosho wangu, kitu sijawahi kufanya hata nikiwa mlevi, nikaenda upande ule mwingine. Sikuhesabu chochote. Nilikuwa natukana tu, kila mkono na tusi lake, mpaka vidole vikagusa kamba.

Nilipanda juu ya plastiki kwa magoti. Munene alikuwa anaruka kama mtoto siku ya Pasaka. Akina mama walipiga vigelegele, hata wale ambao waliniita gogo wiki yote. Nikasimama nikageuka, nimwonyeshe. Nimwambie, unaona?

Alikuwa ameshaenda. Niliona mgongo tu, na fimbo, akipanda njia ya nyumbani polepole.

Ushindi gani huo.

Nilizunguka zunguka mpaka jioni kwa sababu nilikuwa naogopa jiko lake kuliko bwawa. Mwishowe nikaenda. Alikuwa na moto. Alinimiminia uji bila kuniangalia, nikakunywa nikitetemeka, na meno yakigonga kikombe. Nilikuwa nimepanga hotuba. Kwamba namheshimu, kwamba sitabadilisha nia, kwamba nikipata baraka zake nitashukuru na nikizikosa nitaenda hivyo hivyo. Nilisema kama robo yake.

Akanikata. "Huko mnakolala, mmepanga watu wangapi?"

"Wanne, shosho."

"Panga watano."

Nikadhani ni masikio yangu, na maji yaliyo ndani.

"Mara ile nilikaa hapa nikingoja," akasema, akipanga kuni vizuri kama mtu anayeongea habari za kuni. "Wakaniletea mbuzi. Safari hii sikai. Nitakaa pale pale ukingoni, nione mtu akitoka kwa maji na miguu yake. Ukitoka, nitarudi nyumbani nilale."

"Na nisipotoka?"

"Leo ulitoka."

Basi. Akaniongeza uji.

Nimeandika kwa kikundi kwamba sasa tuko watano. Munene alijibu kwanza: "Shosho kwa kempi? Sasa majani ya muguka tutatafunia wapi, buda?" Nikamwambia atatafunia Timau, kama hataki kuja. Kendi akasema shosho analala kwa hema lake, na wanaume tutafute mbali pa kukoromea. Njeru akaandika kwamba mama yake ana nyumba karibu sana na pale tutakapolala, na atamngojea shosho hapo ukingoni, wakae wawili. Akaongeza kwamba nitavaa jaketi yangu, na shosho mwenyewe ndiye atafunga kamba zake. Sikubishana. Mimi ni mkaidi, si mjinga.

Sasa hivi ninavyoandika, kuna vita huko jikoni. Mama amegundua. Anasema mzee wa umri ule hawezi kulala nje kando ya mto, na baridi, na mbu, na viboko. Baba, ambaye haingiliangi mambo, leo ameingilia. Nimemsikia akisema, "Mama, nimekukataza. Huendi." Shosho amemuuliza, kwa ile sauti ya kuchambua maharagwe, "Na mimi nilikukataza kumuoa huyu. Ulinisikia?"

Halafu nimemsikia mama akicheka, pole pole, kama mtu ambaye hakutaka.

Sasa najua hiki kichwa kigumu sikukipata kwa babu. Ijumaa alfajiri tunashuka Mbeere, mimi na mke wangu. Atakayetaka kutuzuia aanze na yeye.