Usikirudishe Kile Kidogo

Hamdia mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Funga ndama kabla ya kupanda basi la Malindi.

Kile kifaa changu cha kusomea vitabu ~~kibadilishe, uniletee kikubwa~~ usikirudishe dukani. Kikubwa kinamfaa baba yako na picha zake za magonjwa ya ng'ombe. Asubuhi ulinicheka: "Mama, umekuza herufi mpaka skrini inabeba maneno saba!" Ndiyo. Maneno saba nayamaliza. Kitabu cha darasa la jioni hunishinda katikati ya ukurasa wa kwanza, mwaka wa pili huu, pamoja na dua zangu zote. Leo baada ya Alfajiri nimesoma kurasa arobaini, alhamdulillahi.

Nimekiacha kabatini. Usifungue ukurasa mwingine, nimefika hapo.

Mama